Fundi Aliyekataa Kukabidhi Baiskeli

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya hospitali yetu, fundi mkuu wa umeme anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake, labda kwa sababu hakuna aliyegombana naye mara nyingi kuliko mimi. Ugomvi wetu ulikuwa ule ule miaka yote: mimi nataka vitu vilivyokufa vitupwe, yeye anataka vibaki.

Wengi wenu hamlijui hata jina lake la kwenye kitambulisho. Tangu ujana wake anaitwa Subiri, kwa kuwa hilo ndilo neno analolitoa kila mara mtu anapotaka kuwasha swichi mbele yake. Amewaambia hivyo wakurugenzi na madaktari bingwa. Kwa ushahidi wa mkewe, amemwambia hivyo hata mama mkwe wake, aliyekuwa anataka tu kusaga nyanya kwa blenda.

Alianza kazi kwa kubadilisha taa za wodini. Akapanda taratibu hadi kwenye pampu za maji, mashine za kufulia, jenereta na majokofu ya chanjo. Alipokabidhiwa karakana aliweka sheria mbili. Ya kwanza ilihusu rangi za nyaya: mwekundu unaleta umeme, mweusi unaurudisha, na nyingine kila moja na kazi yake. Aliichora ukutani kwa mkono wake, na aliyeivunja alinuniwa mpaka akome. Ya pili ilisema kwamba anayetengeneza kitu ndiye anayekijaribu kwanza. Ndiyo maana siku moja wagonjwa wa meno walimkuta amelala kwenye kiti chao, akijipandisha na kujishusha, mdomo umefumbwa kabisa.

Kazi yake ninayoikumbuka zaidi, hata hivyo, ni ya mwaka huu, na ilihusu baiskeli.

Mnamfahamu dada yetu muuguzi anayewafuata majumbani wagonjwa wasioweza kuja hospitali. Goti lake moja limechoka, na kilichokuwa kinamwezesha kufika kwao ni baiskeli ya umeme. Akseleta yake, yaani kile kishikio cha kuzungusha kwa mkono, ilivunjika, na ya kununua haikupatikana. Uongozi ukaanza kusema heri muuguzi ahamishiwe mapokezi na ziara za majumbani zisimame. Kuna babu mmoja mwenye kidonda cha mguu ambaye hana mtu mwingine wa kumfunga bandeji. Kwake yeye, zile hazikuwa habari za uongozi tu.

Subiri akaja stoo, akaniomba skuta ya umeme iliyoungua ambayo niliwahi kuapa kuitupa. Akachomoa akseleta yake huku akinitazama kwa jicho la ushindi, nami nikajifanya nahesabu balbu.

Mara ya kwanza alifunga nyaya kwa kufuata rangi za ukutani kwake. Baiskeli ikakaa kimya. Alikagua betri, akakagua mota, akafungua breki, akaanza kuilaumu baiskeli yenyewe. Ilimchukua muda kukubali kwamba waliotengeneza skuta hawakuwahi kuingia karakana yetu wakasoma ukuta wake. Kwao waya mwekundu ulikuwa unapeleka taarifa ya mkono umezungushwa kiasi gani, na umeme ulikuwa unaingia kwa mweupe. Kosa hilo ni yeye peke yake angeweza kulifanya, na tulimcheka hadi chai ikapoa. Akachukua mita, akapima waya mmoja mmoja, akaunganisha upya. Baiskeli ikaamka.

Muuguzi akaijaribu uani. Ilikwenda vizuri, kisha ghafla ikaruka mbele kama imepigwa teke, ikamwingiza kwenye toroli la mashuka machafu. Hakuumia, ila maneno aliyoyatoa siwezi kuyaandika kwenye jarida la watumishi.

Subiri akairudisha ndani, akaipandisha juu ya kreti ili gurudumu la nyuma lizunguke hewani, akafunga usukani kwa kamba isije ikamwangukia. Akaijaribu mchana kutwa. Haikuruka hata mara moja. Afisa utawala akasema ni mkono wa dada tu, hajaizoea, apewe aende zake. Subiri akakataa kuikabidhi.

Hapo ndipo muuguzi alipowaka. Alimwambia mbele yetu sote, "Mzee, wewe unalinda jina lako, mimi nina mtu anayeoza mguu kule." Lilikuwa neno zito. Nilimwona Subiri akikunja na kukunjua waya wa mita yake, na kwa mara ya kwanza nikaona ameumia. Kisha akamwomba dada akae kwenye kiti cha baiskeli amwonyeshe tu alichokuwa anafanya iliporuka. Dada akasema kwa hasira kwamba hakuwa anafanya lolote, alikuwa anakata kushoto kuelekea langoni.

Subiri akamshusha, akafungua ile kamba, akaugeuza usukani kushoto. Hakuna aliyeigusa akseleta. Gurudumu likaanza kunguruma juu ya kreti, kwa kasi ya mwisho.

Aliponyoosha usukani, likatulia. Akageuza tena, likanguruma tena. Ndani ya waya mweusi, pale unapopinda shingoni mwa usukani, nyuzi zilikuwa zimekatika ingawa ganda la nje lilikuwa zima. Njia ya kurudi ikikatika, kile kisanduku kinachogawa umeme kinadhani mpandaji amezungusha mpaka mwisho, nacho kinatii. Kamba aliyoifunga kwa tahadhari ndiyo iliyokuwa inalificha tatizo.

Wote tunajua nje ya lango letu kuna nini. Anayekata kushoto anakutana na mteremko na malori ya kokoto, na dada hukata kushoto kila asubuhi. Alikaa juu ya kreti ya soda akashika goti lake. Baadaye alimwomba radhi Subiri, naye akamjibu kwamba angempa baiskeli pale pale kama yeye mwenyewe asingekuwa mkaidi tangu kuzaliwa.

Akaweka waya mpya, laini na mrefu wa kutosha, akahakikisha breki ikibanwa mota inakata. Kisha ikaja sheria yake ya pili. Mzee huyu, ambaye hakuwa amepanda baiskeli tangu alipokuwa na nywele kichwani, alizunguka uani akikata kushoto, kushoto, kushoto, koti linapepea na wauguzi wamejaa madirishani. Aliposhuka, aling'ang'ania usukani, akadai anakagua breki.

Kaka, asante kwa taa, kwa maji, na kwa usiku wote ambao majokofu hayakuzimika. Asante pia kwa ukaidi. Nitakukosa, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Mkeo na wajukuu wakufaidi sasa, upate afya, upate usingizi wa mchana bila kuitwa.

Muuguzi ameniomba niandike kwamba hatahudhuria sherehe. Siku hiyo ni zamu ya wagonjwa wa mbali, na babu wa kidonda sasa anaweza kusimama akashika mlango, kwa hiyo humngojea mlangoni. Kiti cha dada tutakiweka mstari wa mbele kabisa, mkabala na cha mstaafu, na hatutamruhusu mtu yeyote akikalie.