Hasna Vuai Anaweka Sinia Chini

Hasna anastaafu, na ameshakuwa daktari! Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Salamu nilizisahau kwa furaha.

Bi Hasna Vuai, mhudumu wa meza katika mgahawa wa Kimeksiko hapa Shipai, mtaa wa vyuo, Guangzhou, anamaliza kazi mwanzoni mwa Julai hii ya 1999, baada ya miaka mitano na miezi tisa ya utumishi. Ana miaka ishirini na sita. Najua mtacheka, mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe? Lakini mgahawa wenyewe una umri huo huo wa utumishi wake. Wahudumu wamekuja, wamekwenda, na waliobaki tangu siku ya kwanza ni yeye na Bosi Leung mwenye mgahawa.

Wasifu huu alipangiwa Domina, mwanafunzi mwenzake anayesaidia jikoni. Nimemnyang'anya kalamu. Mimi ni Bimkubwa, mama mzazi wa mstaafu, skuli nimeishia darasa la saba, na kila nikija kununua mizigo huingia jikoni nikasukuma chapati zao za Kimeksiko. Kwa hiyo na mimi ni mfanyakazi mwenzake, asiniulize mtu.

Hasna alifika China Septemba 1992 kwa skolashipu ya udaktari. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kichina tu, na mtihani wake akaanguka. Vitabu alisoma mpaka macho mekundu, lakini akifungua mdomo maneno hayatoki. Akapewa nafasi moja ya mwisho, Juni 1994. Akianguka tena, ni ndege na Zanzibar.

Oktoba 1993 Bosi Leung akafungua mgahawa. Yeye ni Mchina wa Kikantoni aliyekulia Meksiko, na maharage anayaponda kama aliyefundishwa na bibi wa huko. Hasna akaenda kuomba kazi ya jioni, apate kulazimika kusema na watu. Bosi akamwuliza anajua kufanya nini. Hasna, kwa Kichina chake cha kuokoteza, akajibu, "Kula pilipili." Akaajiriwa palepale.

Mimi sikuambiwa kitu. Habari niliipata kwetu, Malindi ya Zanzibar, kwa Gharib mfanyabiashara, aliyepita Guangzhou. "Bimkubwa, mwanao nimemwona kabeba sinia kama yuko harusini!" Watu wakacheka. Nilisikia aibu mpaka kwenye nyayo. Mtoto nimempeleka akasome udaktari, anawabebea watu sahani! Mei 1994 nikapanda ndege na shoga yangu Swalha, kuja kumtoa.

Tulifika jioni ya Ijumaa. Mgahawa umejaa wanafunzi, meza zimeunganishwa, gitaa linalia, na msichana mmoja kavishwa kofia ya ukindu pana kama ungo kwa kuwa ni siku yake ya kuzaliwa, watu wote wanampigia makofi. Hasna, kabla hatujaketi, alitupeleka jikoni kutuonyesha kikaango chenye uzi mwekundu mpinini. Alikuwa amemshawishi Bosi anunue ng'ombe kwa mchinjaji Mwislamu, na kikaango kile hakiguswi na nguruwe. Moyo ukalegea kidogo, lakini sikumwonyesha.

Kikaletwa kikapu cha vipande vya mahindi vya kukaanga, na kachumbari ya nyanya yenye pilipili. Sisi tukajua ndicho chakula. Na kwetu mgeni hakiachi alichoandaliwa. Tukamaliza. Kikaja kingine. Tukamaliza. Kikaja kingine.

"Bimkubwa, hawa wanatupima," Swalha akaninong'oneza.

"Kula, shoga. Tusimwaibishe mtoto."

Vikapu saba! Swalha kalegeza kanga kiunoni. Ndipo Hasna akatokea na sinia la nyama, maharage, wali na chapati zinafuka moshi.

"Mama, vile ni vya kudonoadonoa tu mkisubiri chakula!"

"Ungesema!"

"Mlikuwa kimya mnatafuna, nikadhani mmependa."

Hatukuweza hata tonge. Nikakaa nikimtazama tu, na ndiyo ilikuwa salama yake. Kwenye meza ya jirani aliketi mwalimu wake wa Kichina, yule yule aliyemwangusha, na watu kumi na mmoja. Hasna akasimama mbele yao bila karatasi. Huyu anataka hiki, yule kabadilisha, wa tatu anabishana, na yeye anawajibu mmoja mmoja, haraka, mkono kiunoni. Mwalimu akauliza jambo, Hasna akajibu, meza nzima ikapasuka kwa kicheko, mwalimu anapiga meza kwa kiganja.

"Umemwambia nini?" nikamwuliza.

"Kauliza chakula gani hapa kinawaliza watu zaidi. Nikamwambia, mtihani wako."

Maneno yote niliyoyapanga kwenye ndege nikayameza juu ya vile vikapu saba. Nilikuja kumtoa, nikarudi nyumbani na madaftari na wanasesere wa soko la Yide Lu, ndiyo biashara yangu mpaka leo. Na Juni ile Hasna akafaulu, wa tatu katika darasa zima. Wa tatu!

Tangu hapo kasoma udaktari mchana, kabeba sinia jioni. Alipofika mwaka wa tatu akaanza kuwapima wateja kwa macho: wewe una vidonda vya tumbo, pilipili hupati. Bosi Leung akalalamika kuwa anafukuziwa watu. Watu ndio kwanza wakaongezeka, wanakuja na majibu yao ya hospitali mfukoni.

Sasa niseme linalonikaa moyoni. Miaka yote hii, jirani wakiniuliza Hasna jioni yuko wapi, nilisema sinia kaliacha, yuko maabara. Hapakuwa na maabara. Palikuwa na sinia. Mdomo anaoongea nao na wagonjwa leo ulifunguka kwenye meza hizi, na mimi niliuonea haya. Nisamehe, mwanangu.

Wenzako wote, kuanzia Bosi mpaka waosha vyombo, wanakushukuru kwa mikono yako na vicheko vyako. Nenda kawatibu watu wa nyumbani, Mungu akupe afya na mume asiyeogopa pilipili.

Siku ya kukuaga hutagusa hata kijiko. Utakaa meza ya katikati na ile kofia ya ungo kichwani, na sinia nitabeba mimi, Bimkubwa, mbele ya Gharib na wote niliowadanganya watakaokuwa huku kwa mizigo. Wanafunzi, wafanyabiashara wa Xiaobei, walimu, njooni na njaa zenu, na kikapu cha kwanza msikimalize. Ni Jumamosi, tarehe 3 Julai, saa kumi na mbili jioni.