Historia ya Mose Onsongo na Mashine Iliyochomolewa

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Ikonge na Nyaramba, nanyi wageni mliotoka Kisii mjini, nawasalimu nyote, walio na viti wakae na walio kwenye nyasi wavumilie. Mimi ni Nyanchoka, nyanya ya marehemu, niliyemzaa baba yake. Historia hii ilikuwa isomwe na mwanangu Nyabuto, baba mdogo wa marehemu, lakini jana nilimwambia anisomee alichoandika, nikasikia marehemu amezaliwa, amesoma, amefanya kazi na amekufa bila kuoa, na watoto wawili wametokea tu kama uyoga, kwa hiyo nimeandika yangu. Naisoma kwa Kiswahili ili wageni wetu wasikie, na ili mtu yeyote asije akasema baadaye kwamba hakuelewa.

Kabla sijaanza, mnaiona hiyo mashine nyeusi ya kukuzia sauti ya gita, iliyofunguliwa mgongo, kwenye meza, kando ya jeneza. Ni ile ile. Imekuwa ikipata umeme wa jenereta tangu mchungaji alipoomba. Aakash, mtoto wa Bwana Prakash wa duka la redio, ipumzishe kwa kile kitufe chake, iwe vile ilivyokuwa siku aliyofariki Mose. Nyabuto, njoo wewe mwenyewe uchomoe waya. Ushike mkononi watu wauone, na usiuachilie mpaka nimalize. Watoto wakae nyuma ya kamba.

Marehemu Mose Onsongo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1984, siku ya Sabato, hapa hapa Ikonge, akiwa mtoto wa pekee wa marehemu Osoro Onsongo na marehemu Ruth, akanifanya nikose ibada siku hiyo, na haikuwa mara ya mwisho. Mama yake alifariki mwaka wa 1990, baba yake akamfuata mwaka wa 1993, nikabaki naye, na sikumlea kwa kumbembeleza, nilimlea kwa ugali wa wimbi na kazi ya kuchuma majani chai.

Alianza shule ya msingi hapa Ikonge mwaka wa 1991, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1998, kisha akaingia shule ya upili ya kutwa upande wa Nyaramba, akamaliza mwaka wa 2002, na walimu wake walisema ni mwerevu kwa sayansi na ni kiziwi kwa mambo mengine yote. Walikosea, kwa sababu masikio alikuwa nayo, tena makali, ila aliyatumia kwa kitu kimoja. Mwaka wa 1999 dereva wa lori la majani aliacha hapa kaseti ya Waingereza wa zamani, wapiga gita la umeme, gita linalokwaruza kama mtu mwenye kifua kibovu na bado linaimba, na Mose alipoisikia aliketi kama mtu aliyeitwa jina lake. Mimi sikushangaa sana. Babu yake, mume wangu, alikuwa mpiga obokano, lile zeze kubwa la Wagusii, na wenyeji mnajua obokano inavyonguruma chini na kukwaruza mpaka maji yatikisike kwenye kibuyu. Mose alikuwa akisema Waingereza walitafuta kwa umeme kitu ambacho babu yake alikipata kwa ngozi ya ng'ombe na nyuzi, na hilo ndilo jambo pekee la muziki wake nililolikubali mara ya kwanza kulisikia.

Tarehe 3 Februari 2004 aliajiriwa na Bwana Prakash katika duka lake la redio na spika, Kisii mjini, akafanya kazi pale bila kuhama mpaka alipofariki. Jambo la kwanza alilofundishwa na Prakash, ambaye naye alifundishwa na baba yake, ni kwamba ukifungua mashine zile za kale zenye taa za kioo ndani, fanya kazi kwa mkono wa kulia, na wa kushoto uweke mfukoni, ili umeme ukikukuta usipate njia ya kutoka mkono huu kwenda huu ukipitia moyoni. Aliishika sana sheria hiyo, hata akawa anakula kwangu mkono mfukoni, nikamwambia hapa mtu hali kama mzee anayeficha tumbaku, autoe.

Mashine mnayoiona ilitengenezwa Uingereza, ikakaa klabu ya wazungu wa mashamba ya chai, wazungu wakaenda zao, ikaishia kwenye stoo ya Prakash chini ya magunia, na mwaka wa 2009 Prakash akampa Mose kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Kabla ya hapo Mose aliamini sauti ya kaseti ile imo ndani ya vile vidude vya kukanyaga kwa mguu, pedali, akavikusanya mpaka sakafu ya nyumba yake ikawa kama mkeka wa mchuuzi, kila kimoja kikilia kama nyuki ndani ya debe, na hakuna kilicholia kama kaseti. Alipoifufua mashine hii ndipo akajua alikuwa amepotea njia, kwamba sauti ile haikai kwenye pedali, inakaa kwenye taa zile za kioo zikisukumwa mpaka mwisho wa nguvu zao, kitufe cha sauti kimefunguliwa chote, pedali moja tu mbele yake ya kuisukuma zaidi, na baada ya hapo kazi inabaki kwa kidole, ukipunguza kitufe cha gita lenyewe sauti inatakata, ukiongeza inakwaruza. Nilielezwa hayo mara nyingi kuliko nilivyoelezwa Injili.

Shida ni kwamba mashine ya namna hiyo haijui kunong'ona. Ukiipunguza inalia kama redio ya kawaida, na ukitaka sauti ile lazima mlima wote ujue. Mose alijaza magunia majani makavu ya migomba akayapanga ukutani ili sauti isitoke, ikatoka, na ng'ombe wangu akazuia maziwa. Mzee Ogari wa kanisa letu alitumwa kuja kulalamika, akaingia, akakaa, akasikiliza mpaka chai yake ikapoa, kisha akaenda kuwaambia wenzake kwamba hakumkuta mtu nyumbani. Samahani, Mzee Ogari, lakini leo tunasema ukweli.

Tarehe 16 Desemba 2012, siku ya Jumapili, marehemu alifunga ndoa na Bonareri, binti wa Nyaramba, kanisani, mbele ya watu, mahari ikiwa imepelekwa, na Nyabuto mwenyewe alikula nyama ya harusi hiyo mpaka akalala kwenye kiti. Walijaliwa watoto wawili, Natasha aliyezaliwa tarehe 8 Mei 2014, na Job aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 2018. Bonareri alichuma majani, alifuga kuku, alilala kando ya mashine hiyo miaka yote, na sikumsikia akilalamika zaidi ya mke wa mlevi, na Mose hakuwa mlevi.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa nataka msikilize kuliko mlivyosikiliza juu ya nyama.

Mwaka wa 2022 masikio ya marehemu yalianza kulia yenyewe, mlio mwembamba kama wa nyenje usiokoma mchana wala usiku, na mwezi wa Aprili 2023 daktari wa masikio, huko Kisii, alimpima akamwambia kwamba sauti za juu zimekufa masikioni mwake kwa sababu ya makelele, hazitarudi, apunguze ili asipoteze na zilizobaki. Kwa daktari alisema ndiyo. Nyumbani alianza kusema mashine imechoka, makali yake yamekwisha, akabadilisha taa za kioo, akabadilisha spika, akarudisha zile pedali za zamani, akaongeza kitufe cha ukali mpaka sisi tulio na masikio tukaumwa na meno, Natasha akawa anafanyia kazi za shule kwangu, na yeye bado anasema haisikii. Kila mtu alijua. Hakuna aliyethubutu kumwambia, si mimi, si Prakash, kwa sababu ni vigumu kumwambia mtu kwamba kitu alichokitafuta maisha yake yote kiko hapo mbele yake kinalia, na ni yeye asiyeweza kukisikia tena.

Aliyemwambia ni mke wake. Jumatatu tarehe 3 Novemba mwaka huu, jioni, walizozana, na Nyabuto aliyekuwa upande wa pili wa ua anasema alisikia ugomvi. Ni kweli aliusikia, ila hakuwaambia maneno yenyewe, nami nitawaambia, kwa sababu nilikuwa nimeketi mlangoni mwao nikichambua mboga. Bonareri alisema, "Mose, si mashine iliyochoka, ni masikio yako." Ugomvi wote ndio huo.

Kesho yake, Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, marehemu aliamua kuifungua mashine amwonyeshe mke wake kwamba amekosea. Aliipumzisha kwa kitufe, akamwambia Bonareri achomoe waya, Bonareri akachomoa, akauweka juu ya meza, akachukua kikapu akaenda kwenye majani. Kuna makopo madogo ndani ya mashine hizo yanayokaa na umeme hata baada ya waya kutoka ukutani, na fundi huyamwaga umeme huo kwanza kabla ya kugusa kitu, na Mose alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika kaunti hizi mbili. Siku hiyo alikuwa na haraka ya mtu anayetaka kushinda. Hakumwaga, na mkono wa kushoto haukuwa mfukoni, ulikuwa umeshika chuma cha mashine ili aweze kuinamia ndani na sikio lake. Bonareri alimkuta sakafuni. Madaktari huko Kisii walisema moyo ulisimamishwa na umeme, na viganja vyote viwili vilikuwa na alama.

Tangu siku hiyo Nyabuto amekuwa akisema sokoni kwamba waya uliochomolewa hauui mtu, kwa hiyo ama mke aliuchomeka na kuuchomoa tena, ama alifanya mambo mengine ya giza. Hayo mambo mengine sitayataja mbele ya jeneza, lakini wenyeji mnayajua, na mnajua kinachompata mwanamke akishatajwa hivyo huku kwetu, nyumba huwaka kabla mtu hajauliza swali la pili. Amesema Bonareri arudi kwao Nyaramba kabla udongo wa kaburi haujakauka. Na majani ya Bonareri alianza kuyachuma kaburi likiwa bado halijachimbwa.

Nyabuto, mimi nilikuzaa, sikuaibishi kwa kupenda. Waya bado uko mkononi mwako? Uinue juu. Watu wote wanauona. Tangu nianze kusoma haujagusa kitu.

Aakash, mwanangu, chukua bisibisi yako yenye mpini wa mpira. Mkono wa kushoto mfukoni. Gusa hayo makopo.

Mstari huu niliuandika jana nikijua kwamba mtaruka kwa mlio na cheche, kwa kuwa juzi tulijaribu dukani kwa Prakash mbele ya Mzee Ogari, naye alimwaga soda yote kwenye suruali. Kama mmeruka, basi mmemsikia aliyemuua Mose. Hakuna mwingine. Mwenye swali aniulize mimi, sasa hivi, mchana huu, asiende kumuuliza Bonareri usiku akiwa na kiberiti.

Nyabuto, sasa achilia huo waya. Kuna kiti kitupu kando ya mke wa mtoto wa ndugu yako, nenda ukakae hapo mpaka mazishi yaishe. Nyumba ni yake, majani ni yake, na kikapu chake cha kuchumia ulichochukua kirudi leo.

Marehemu ameacha mke, Bonareri, watoto wawili, Natasha na Job, na mimi ambaye nilipaswa kutangulia. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii waliosema ukweli kwa maneno mafupi, Bwana Prakash na mkewe Jayshree waliofunga duka na kutuletea chakula siku zote hizi, mafundi wenzake wa dukani, majirani waliochimba kaburi tangu alfajiri, mchungaji, na nyote mliovumilia miaka mingi ya makelele, ambayo kuanzia leo hamtayasikia, na tutaona mtapumzika au mtayatafuta.

Asubuhi Bonareri alimvisha Mose koti la harusi, akaomba tumsaidie kwa mkono wa kushoto kwa kuwa ulikuwa mgumu kukunja. Tumeuweka mfukoni. Nilizoea kukuambia uutoe, mjukuu wangu, leo uache hapo hapo, ulale kwa amani, upumzike.