Bi Baridi Hakutia Saini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu, fundi mkuu wa mitambo ya kupoza anastaafu tarehe 30 Juni. Anastaafu kwa sababu sheria imesema, si kwamba amechoka. Sisi humwita Bi Baridi, naye huitika.

Kazi yake ilikuwa kupoza kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha, hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa. Ndani yake mna nukta ya kwanta, kijichumba cha kuingiza elektroni moja moja. Elektroni haina nguvu ya kuuruka ukuta wake, lakini hupenya ikatokea upande wa pili, na ukuta ukabaki mzima. Kila inapopatikana nafasi ya elektroni moja zaidi, mchoro wa umeme hupanda kidato kimoja.

Mwaka wake wa nne, mchoro ulivurugika. Wakubwa wakasema mashine ni kimeo. Bi Baridi akafungua nyaya zote na kuzifunga upya mara tatu, mpaka akamjua mchawi: lifti. Ikipita, jengo linatetemeka. Aliandika barua lifti isimamishwe siku za vipimo, akapuuzwa. Basi akatundika kibao cha LIFTI MBOVU. Mkurugenzi alipanda ghorofa tano kwa miguu kwa miaka sita, akimlaumu fundi wa lifti, maskini wa Mungu.

Mwaka juzi ikaja barua: akistaafu, chumba kiwe stoo, maana hakuna mwingine anayeiweza mashine. Alitakiwa atie saini. Akakataa katakata, akasema kama hakuna anayeiweza, watu watafundishwa. Akatukamata watatu: mpiga hesabu, mfagiaji wa ghorofa yetu, na mimi niliyeajiriwa kujaza fomu. Siku nilipoacha valvu wazi alininunia siku mbili nzima.

Jumatatu iliyopita wakubwa walikuja kutupima. Bi Baridi alikaa nje ya mlango na chai yake, akagoma kugusa hata swichi. Tukaiendesha mashine sisi watatu. Saa tano vidato vikaanza kutoka: kimoja, viwili, hadi kumi na saba. Nilitoka mbio kumwita aje aone. Hakuja. Alisema mashine si yake tena, ni yetu.

Asante, Bi Baridi, kwa ubishi wako. Tunakuombea afya na usingizi wa kushiba. Barua ya stoo tumeirudisha ilikotoka, na hata sisi hatukutia saini.