Kifupa Kinachopata Damu Kinyumenyume

Mgeni rasmi, Dokta Tamara Nyirongo, mpasuaji wa mifupa. Abiria wetu mliokuja, na mlionuna mkaja hivyo hivyo:

KARIBU
Sisi waendesha kabaza, baiskeli za abiria, wa kijiwe cha Chibanja, Mzuzu, tunakukaribisha. Mto uliokalia tumeufungua kwenye baiskeli yetu bora. Usiegemee sana.

HISTORIA
Baiskeli zetu hazina breki; husimama kwa kisigino kukandamiza tairi. Kisigino kikikosa, mwendeshaji huruka usukani na kujikinga kwa kiganja. Ndivyo alivyoanguka mwenzetu Suzgo miezi minne iliyopita. Picha ya eksirei ya siku ile haikuonyesha kitu, lakini ulipombonyeza kwenye kishimo cha ugoro, chini ya kidole gumba, alilia kama mbuzi. Ukamfunga plasta ngumu.

MAFANIKIO
Tumeelimika. Ulituchorea mchangani kifupa hicho cha kifundo cha mkono, mfano wa korosho. Damu yake nyingi huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea kiwiko. Kikivunjika katikati, kiunoni mwake, kipande cha nyuma ni nyumba iliyokatiwa maji. Na mpasuaji akiingia vibaya, anaukata hata mshipa uliobaki. Hapo tuliacha kucheka.

CHANGAMOTO
Abiria waliiona plasta. Mama mmoja muuza usipa, dagaa wa ziwani, akasema, "We Suzgo, mkono wako umekushinda, shingo yangu utaiweza?" Akapanda ya mwingine. Wiki ya tatu tukaikata plasta kwa msumeno. Tukamwambia, "Vidole si vinacheza? Umepona, bwana!" Leo hawezi kukamua hata shati, na picha mpya inaonyesha kipande cha nyuma kimeanza kufa.

MAOMBI
Ulisema bado unaweza kukiunga kwa skrubu na kukipandikizia mfupa wenye mshipa wake hai, ila tusichelewe. Jumatatu Suzgo alifika hospitali, akaona mkasi, akakimbia. Mkono huo ndio unaolisha watu sita. Basi leo tumemkalisha katikati ya wanaume wawili wanene, na baiskeli yake tumeifunga nguzoni. Ukiondoka, ondoka naye.

ZAWADI
Tulikosa kuku. Pokea msumeno huu. Aliyeushika siku ile ni mimi ninayesoma. Usiturudishie hata tukiomba.

Mungu aitulize mikono yako, na miguu ya Suzgo.

Ni sisi,
Waendesha Kabaza wa Chibanja
Imesomwa na Lyson Mhango, mwenyekiti