Mlango Uliofunguka Kabla Sijazaa

Bi wakubwa, shikamooni. Na nyinyi wenzangu, punguzeni vicheko. Kabla mwanangu hajatolewa nje leo kwa mara ya kwanza, nna maneno yangu, na akiamka huyu sitopata tena nafasi!

Mnanijua. Mimi ndiye niliyerudi mafunzoni na gauni jeupe na mkoba wa ukunga, nikapewa kazi hapa hapa Jang'ombe, nikiwa bado bi harusi. Nikapita mitaani kifua mbele. Napiga hodi kwa mjamzito, naulizwa, "Una watoto wangapi?" Nasema bado sijajaaliwa. "Haya mwanangu, tutakwita." Hawaniiti! Mmoja, simtaji, lakini anajijua na saa hizi anajificha na kanga yake, alinambia mlangoni, "Bibi wee, uchungu wenyewe hujauonja, utanizalisha na nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile lilinichoma. Nikarudi nyumbani nikamwambia bwana wangu, "Nataka mtoto, tena upesi!" Maskini akacheka, "Kwani mimi nimekataa?" Msicheke sana, wakwe wapo. Nikaandikiwa dua kwa zafarani nikanywa kombe lake, nikanywa mizizi, nikanywa na vitu ambavyo mpaka leo sivijui. Damu ikija, nalia uani, kisha navaa gauni nakwenda kupiga hodi kwenye nyumba zisizonitaka. Nilimtaka mtoto na niliitaka kazi yangu, na vyote viwili nikaona vinalingoja tumbo hili moja.

Mwezi mmoja damu haikuja. Mama mkwe, Mungu ampe umri, hakuweza kusubiri. Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua, watu wananiletea maembe mabichi, na milango inafunguka! Furaha yangu haikufika mbali. Damu ikaja, nyingi, na hapo ndipo nilipoanguka. Nikatundika mkoba msumarini, nikasema ukunga basi. Hata kwenda bombani kuchota maji niliona haya.

Asubuhi moja ya masika, mvua imeshika na kichochoro kimejaa maji, nasikia mlango unagongwa. Alikuwa mama wa yule yule aliyeniuliza nitamzalisha na nini. Binti yake ameshikwa na uchungu, na mkunga wao mkongwe kapanda gari la mbao kwenda Chukwani.

Nikamwambia, "Mama, mimi sijazaa."

"Kwani nimekuuliza? Chukua mkoba wako!"

Nikakimbia pekupeku. Kufika, mtoto katanguliza miguu! Roho ilinipaa, lakini yule mwenye uchungu alinikamata mkono akasema, "Usiniache." Sikumwacha. Kila nilichofunzwa kikanirudia, na mtoto akatoka, akanyamaza, akanyamaza, kisha akalia. Wallahi nililia kumshinda yeye.

Siku ya kumtoa mtoto nje, nilijikalia nyuma karibu na masufuria. Mnajua wasemavyo: asiyezaa hapewi kichanga, jicho lake lina tamaa. Basi yule mzazi akainuka mbele ya mawifi zake, akapita katikati ya watu, akanipakatisha mwanawe. "Mtoe wewe. Bila wewe huyu hayupo." Kisha vigelegele! Kesho yake niliitwa na wajawazito wawili.

Nikaacha kuikimbilia mimba, nikafanya kazi yangu kwa raha, na huyu akaja kwa wakati wake. Ule ukelele niliokuwa nikiwakatazeni mkishikwa na uchungu? Niliupiga mimi mpaka paa likasikia!

Ahsante bwana wangu, hukunisimanga hata siku moja. Ahsante mama mkwe, mara hii ulijua na ukanyamaza, na sote tunajua ulivyoteseka. Ahsante bibi mkunga mkongwe, ulirudi kutoka Chukwani ukanambia mbele za watu kuwa usingefanya zaidi yangu. Na nyote mnisikie: mwanamke muulizeni hali kabla hamjamuuliza ana wangapi. Na wewe unayengoja, usijifungie ndani kama mimi. Nilidhani nitafunguliwa mlango siku nitakayozaa, kumbe nilifunguliwa sina kitu tumboni wala mkononi.

Haya, wewe uliyejificha na kanga, inuka. Futa machozi, shika mtoto. Wa kumtoa mwanangu nje ni wewe.