Muuguzi Aliyeuliza Habari za Mashangazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi na likizo za kuhesabika, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya wanawake anastaafu tarehe 30 Juni. Madaktari humwita Sista. Sisi wa mapokezi tunamwita Mama Ukoo, na jina hilo lina kisa chake.

Alianzia wodi ya wazazi, kisha akahamia kwetu, kwenye kile chumba chenye dirisha lisilofungika. Mwandiko wake mfamasia aliwahi kuugeuza juu chini akitafuta pa kuanzia. Hana haraka na mgonjwa. Haraka yake ni kwa daktari aliyechelewa.

Mwaka wake wa kumi na mbili alikuja fundi cherehani mmoja, ndoa yake ya miaka sita, bila mtoto. Kila mwezi hedhi ilimlaza siku tatu chini ya meza ya kukatia vitambaa. Huko nyuma aliambiwa avumilie, akaambiwa anadeka, na mawifi walishaanza kumsema. Kwenye faili lake palikuwa pameandikwa kwamba kwao hakuna mwenye tatizo hilo, kwa kuwa mama yake mzazi hakuwahi kuumwa hivyo.

Sista alisoma, akavuta kiti.

"Na kwa baba yako je? Mashangazi?"

"Yuko mmoja. Alikuwa anaumwa mpaka anazirai. Hakuzaa, akaachika. Na dada yangu naye anaumwa, ila hapendi kusema."

Sista aligeuza kadi, akachora ukoo wote nyuma yake, akaipeleka kwa daktari. Daktari, foleni ikiwa imemfika mlangoni, alisema upande wa baba hauhusiki. Sista akamwambia damu haichagui mlango wa kuingilia, na hakutoka mle ndani hadi fundi alipopangiwa kuchunguzwa tumboni kwa kamera. Ikaonekana endometriosisi: nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba ilikuwa imeota nje yake na kuziba mirija ya mayai. Akafanyiwa upasuaji.

Tangu hapo fomu yetu inauliza pande zote mbili. Watafiti wa vinasaba walipokuja, walianzia kwenye kadi zake za familia mia mbili na kumi. Aliwapa sharti moja: wanawake waelezwe majibu kwa maneno wanayoyaelewa. Kazi hiyo akaifanya mwenyewe. Vinasaba vinavyochangia ni vingi, aliwaambia, kila kimoja kinasukuma kidogo. Dada au binti wa mgonjwa awahi kupimwa, lakini hatari si hukumu.

Fundi alijifungua binti miaka miwili baada ya upasuaji. Dada yake hakujaliwa mtoto, ila alipotibiwa maumivu yalipungua, na sasa ana duka lake. Shangazi aliletwa akiwa na miaka sitini na minane. Sista alimweleza yote, polepole, kwenye benchi la nje.

"Kwa hiyo haikuwa laana?"

"Ni ugonjwa, shangazi. Hukumkosea mtu yeyote."

Yule mama alilia, akajifuta, kisha akaomba jina la ugonjwa aandikiwe kwa herufi kubwa. Alisema kuna watu wa kusomewa.

Mama Ukoo, asante kwa kutufundisha kumsikiliza mtu hadi mwisho. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na zamu, na watu wa kukuuliza wewe umeamkaje.