Bi. Loisi Chidawali, Aliyepiga Hodi na Kusubiri

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Loisi Chidawali anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika Kituo cha Kujitegemea cha Mkonze, kinachowasaidia watu wenye ulemavu kupata vifaa, vyumba, mafundi na haki zao, ili waishi wanavyotaka wao. Kamati ya sherehe imeomba wasifu mfupi na wa furaha. Wa furaha utakuwa. Kuhusu ufupi, Bi. Loisi mwenyewe hajawahi kufupisha jambo kwa sababu ameombwa.

Alizaliwa Zuzu, ambako treni hupita nyuma ya mashamba ya uwele. Aliajiriwa kituoni mwaka 1996 kama mgawaji wa misaada. Enzi hizo kazi ilikuwa nyepesi: gari linafika, watu wanapangwa juani, wanapewa blanketi, wanapigwa picha, gari linaondoka. Katika mwaka wake wa kwanza alimpelekea blanketi Mzee Daudi, asiyeona, aliyekuwa akilala jikoni kwa mpwa wake nyuma ya pazia la gunia. Mzee alilipapasa, akalikunja vizuri, akamrudishia.

"Mwanangu, hili la nne," alisema. "Mablanketi ninayo. Mlango ndio sina."

Bi. Loisi aliondoka na blanketi lake mkononi. Njia nzima alilifikiria lile gunia. Kila aliyetaka kuingia kwa Mzee Daudi alilisogeza tu: watoto, kuku, mjumbe wa mtaa. Hakuna aliyepiga hodi, maana nani atapiga hodi kwenye gunia? Kabla mwaka haujaisha, mzee alikuwa na chumba cha matofali, kamba ya kumwongoza kutoka mlangoni hadi chooni, na mlango wenye komeo kwa ndani. Siku ya kwanza Bi. Loisi alipopiga hodi, mzee alikaa kimya muda mrefu. Baadaye aliulizwa kama alikuwa amelala. Akasema hapana, alikuwa anaisikiliza hodi.

Tangu hapo Bi. Loisi ana kanuni yake. Sisi wote tumefundishwa kwamba ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unageuza. Yeye hageuzi. Husema kwamba mtu anayejivuta kutoka kitandani hadi kwenye kiti mwendo hawezi kushindana na hodi za mtu mwenye haraka. Kwa Paulina, ambaye ni kiziwi, fundi Shaban alifunga swichi ya nje inayowasha taa ya ndani. Ukiibonyeza umepiga hodi. Kisha unasubiri kama kawaida.

Madereva wa bodaboda wa Mkonze wanaijua kanuni hiyo, na wengine wameilipia kwa jasho. Msafiri, dereva aliyekuwa akimzungusha mitaani, siku moja wakisubiri mlangoni uvumilivu ulimwishia.

"Mama, twende. Humu hamna mtu."

"Yupo. Anakuja."

"Na jua hili, mama?"

"Zima pikipiki, unachoma mafuta bure."

Mwenye nyumba alitokea, polepole, na magongo yake, akawauliza kama wamekuja kununua nyanya au kugombana. Siku hizi Msafiri akipeleka abiria kwenye nyumba kama hizo, ni yeye anayewaambia wenye haraka watulie.

Wapo ambao hawakufurahishwa naye, na leo si siku ya kuwaficha. Mfadhili mmoja aliwahi kuleta mchoro wa bweni kubwa: vitanda vingi, geti moja, na mlinzi wa kukaa na ufunguo. Mkutano mzima ulipiga makofi. Bi. Loisi alinyoosha mkono, akauliza vyumba vitafungwa kwa ndani au kwa nje. Mfadhili alimweleza kwa upole kwamba ni kwa usalama wao, akamuuliza usiku nani atawaangalia watu hawa.

"Na wewe usiku nani anakuangalia?" alimjibu.

Bweni halikujengwa. Mfadhili aliondoka na gari lake ambalo kituo kilikuwa kikilitegemea, na kwa mwaka mzima kituo kilifanya kazi kwa miguu na baiskeli. Bi. Loisi alipungua mwili, akawaambia wenzake kwamba hatimaye nguo zake za harusi zinamtosha. Hatujawahi kumsikia akijuta.

Wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Nimepewa mimi, Stara, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa sababu shangazi yangu ni Yusra Abubakari, na kwa sababu kuandika naweza, kusema mbele ya watu ndiko siwezi.

Shangazi Yusra alizaliwa Kolo, na tangu utotoni miguu yake haitembei. Ni fundi cherehani. Alikuwa akiishi kwetu Mkonze, kwa kaka yake, yaani baba yangu, Imrani. Alitaka jambo moja tu: chumba chake mwenyewe cha kupanga, mtaa wa pili. Baba alikataa. Hakukataa kwa ubaya. Baba alikuwa akimletea dada yake maji kabla hajaona kiu, na aliingia chumbani kwake wakati wowote bila hodi, kwa sababu alimpenda. "Watu watasema nimemtupa dada yangu," alirudia kila jioni, na shangazi kila jioni alijibu, "Waache waseme, wana midomo."

Bi. Loisi hakubishana na baba. Alitafuta chumba. Mwenye nyumba, Mzee Zablon, alisema mlemavu akianguka kwake, kesi itakuwa yake. Bi. Loisi akamuuliza ni wapangaji wake wangapi wenye miguu miwili ambao wameshaangukia mtaroni wakitoka kilabuni. Mzee Zablon alifikiri, akaanza kuwataja kwa majina, akacheka, akatoa ufunguo. Fundi Shaban alipanua mlango, akamwaga zege la mteremko badala ya ngazi, akachomelea vyuma vya kushikilia chooni. Kikundi cha akina mama kilimwazima cherehani ya mkono. Meza ya jiko ilikatwa miguu ikawa fupi.

Ilibaki desturi ya kituo, iitwayo ugali wa wageni. Mtu hahesabiwi kuwa amehama mpaka ndugu zake waje kwake kama wageni, wale alichopika mwenyewe. Na wakati anapika, hakuna mgeni anayeruhusiwa kuinuka mkekani.

Siku hiyo baba alifika mlangoni akausukuma, kama alivyozoea. Umefungwa. Nyuma yake sauti ya Bi. Loisi ikasema taratibu, "Baba Stara, hodi."

Baba alipiga hodi. Tukasikia gurudumu likigonga meza, kimya, gurudumu tena, kisha komeo. Ilichukua muda, na muda wote huo baba alikuwa akitazama viatu vyake.

"Karibuni," shangazi alisema. Alikuwa amevaa dera jipya.

Ugali ulipoanza kukaza, mwiko ulinasa na sufuria ikaanza kuinama. Baba alinyanyuka.

"Kaa," Bi. Loisi alimwambia. "Wewe ni mgeni."

"Sufuria inaanguka, mama."

"Ikianguka tutakula mlenda mtupu."

"Kaka," shangazi alisema bila kugeuka, "ukishika mwiko wangu, leo unarudi na njaa yako."

Na sufuria ikaanguka kweli. Nusu ya ugali ilimwagika sakafuni, karibu na miguu ya wageni. Niliona mikono ya baba imeshika mkeka kwa nguvu. Shangazi aliutazama ule ugali, akageuza kiti, akachukua unga mwingine.

"Nyumba yangu, ugali wangu," alisema. "Na ukimwagika, umwagikao ni wangu. Subirini."

Tulisubiri. Ugali wa pili ulikuwa na mabuje, na mlenda ulizidi chumvi. Baba alikula, akaomba kuongezewa. Tulipoaga, aliuvuta mlango mwenyewe, akasimama nje mpaka aliposikia komeo likiingia. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alikwenda kumsalimia dada yake, na jirani walimwona amesimama mlangoni pale juani, mikono nyuma, akisubiri.

Tangu habari za kustaafu zienee, swali la yule mfadhili limeanza kurudi kwa midomo mingine: sasa nani atawaangalia? Ndugu walipiga simu kutoka Kolo, wakasema Yusra arudi kwa kaka yake, maana Mama Loisi anaondoka. Baba alimpa shangazi simu ajibu mwenyewe.

"Anayestaafu ni Bi. Loisi," aliwaambia. "Mimi bado niko kazini."

Jibu hilo tunaliweka hapa ili lisomwe ukumbini kwa sauti. Hakuna anayerudi jikoni kulala nyuma ya gunia. Hakuna anayekabidhi ufunguo wake kwa mlinzi. Wenye nyumba watuzoee, na ndugu wajifunze kusimama nje. Milango hii haikuwa ya Bi. Loisi hata aondoke nayo. Ni yetu, na makomeo yako kwa ndani.

Bi. Loisi, tunakushukuru kwa jua lote ulilolivumilia milangoni. Unarudi Zuzu, kwenye uwele wako na treni zako. Upate mvua ya kutosha, mbuzi wasiokula mazao ya jirani, na usingizi usio na mkutano kesho yake. Siku magoti yatakapokataa, usikimbilie mlango. Tutapiga hodi, na mpita njia akituambia humu hamna mtu, tutamjibu: yupo, anakuja.